Anayefungiwa Mlango ni Raia

Mei 16, 2023 Mahakama ya Juu ya Namibia, jijini Windhoek, ilitoa hukumu moja kwa kesi mbili zilizosikilizwa pamoja. Katika kesi ya kwanza, mwanamume raia wa Namibia alikuwa amefunga ndoa nchini Afrika Kusini mwaka 2015 na mwanamume wa huko, Digashu. Katika ya pili, mwanamke wa Kinamibia alikuwa amefunga ndoa Ujerumani mwaka 2017 na mwanamke wa Kijerumani, Seiler-Lilles. Wote wanne walitaka kuishi Namibia. Wizara inayosimamia uhamiaji ikawajibu kwamba machoni pa sheria ya nchi wageni wale wawili hawakuwa wenzi wa ndoa, basi waombe vibali kama mgeni mwingine yeyote. Majaji wanne kati ya watano waliikatalia wizara. Sheria ya Udhibiti wa Uhamiaji ya mwaka 1993, kifungu cha 2(1)(c), inamsamehe mwenzi wa raia masharti hayo ya vibali. Ndoa iliyofungwa kihalali ugenini hutambuliwa Namibia, na kumbagua mwenzi huyu ni kuvunja ibara za 8 na 10 za Katiba, zinazolinda utu na usawa. Zaidi ya hapo majaji hawakwenda. Hawakuruhusu ndoa za namna hiyo zifungwe Namibia, wala hawakuamua chochote kuhusu mirathi au talaka. Walitamka wazi kwamba hukumu yao inaishia kwenye kifungu kile kimoja.

Kwa uamuzi mwembamba kiasi hicho, kishindo kilichofuata kilikuwa kikubwa mno. Makanisa yalipinga, na kabla ya Julai kwisha mabunge yote mawili yalikuwa yamepitisha miswada ya kuufuta. Kelele zote zilihusu mapenzi ya watu wa jinsia moja, kama kwamba hilo ndilo lililokuwa mbele ya majaji. Mimi nakubaliana na majaji wale wanne, ila naona kwamba hoja yenye uzito kuliko zote ilimezwa na kelele hizo. Hoja yenyewe ni kwamba haki inayobishaniwa hapa ni ya raia kwanza, na ya mgeni baadaye. Serikali inapomwambia mgeni aliyefunga ndoa na raia kuwa yeye si mwenzi wa mtu, anayepigwa ni mwananchi aliyezaliwa hapo, mwenye pasipoti ya hapo, ambaye sasa anapewa achague kati ya nchi yake na nyumba yake. Kwa kuwa hoja isiyopingwa hainolewi, nimewaweka barazani watu watatu wa kufikirika: mzee anayetetea mila na dini, wakili anayeisemea serikali, na mwanaharakati ambaye, kama itakavyoonekana, haridhiki nami pia.

Mzee anaanza, kama ilivyo haki yake. "Mwanangu, kila nchi ina maana yake ya ndoa. Tanzania iliandika katika Sheria ya Ndoa ya 1971 kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Wakenya wakaiweka kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 45, kwamba mtu ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Wanamibia nao wana yao. Sasa mtu anatoka kwao, anakwenda Cape Town au Berlin, anafanya ambacho kwao hakifanyiki, kisha anarudi na cheti mkononi anatuambia tukitambue. Mkataa kwao ni mtumwa. Kama ameipenda sheria ya huko, si akae huko huko?"

Mzee wangu, la nani afungishwe ndoa Windhoek silibishi leo, na majaji hawakulibisha. Ninalobisha ni kuchanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenga kwa karne nyingi: kufungisha ndoa, na kuitambua ndoa iliyokwisha fungwa. Nchi huchagua kwa sheria zake ni ndoa zipi itafungisha. Lakini ndoa iliyofungwa kwingine hupimwa kwa sheria ya mahali ilipofungwa, na kanuni hiyo haikubuniwa kwa ajili ya watu wa jinsia moja. Ndiyo inayomwezesha aliyeoa kwa kadhi Zanzibar kuwa mume bado anaposhuka Muscat au Toronto, na ndiyo inayowazuia waume watoro kuvuka mpaka wakajitangaza makapera. Bila hiyo, kila uwanja wa ndege ungekuwa mahakama ya talaka. Kuna mlango mmoja tu wa kutokea: nchi inaweza kukataa ndoa ya kigeni iliyo kinyume kabisa na maadili yake. Huo ndio mlango unaoushika wewe, mzee, kwa hiyo tuangalie ni nani waliowahi kutupwa nje kupitia mlango huo.

Machi 1913, katika mahakama ya Cape, Jaji Searle aliamua kesi ya Hassan Esop, Mwislamu mwenye asili ya India. Mkewe, waliyeoana kwa sheria ya Kiislamu, alikuwa amekataliwa na maofisa wa uhamiaji asiingie nchini. Jaji akaunga mkono maofisa: ndoa ya dini inayoruhusu wake zaidi ya mmoja haikuwa ndoa, hivyo mwanamke yule hakuwa mke. Kwa uamuzi huo, maelfu ya wake wa Kihindu, Kiislamu na Kiparsi waligeuka mahawara kisheria. Ni jambo lililomkasirisha Gandhi kiasi kwamba mwaka huo huo wanawake, mkewe Kasturba akiwa miongoni mwao, waliingia kwenye mapambano na kwenda jela kwa hiari. Serikali ililegea mwaka 1914, ikamruhusu kila Mhindi kutambuliwa mke mmoja. Lakini miaka mitatu baadaye mahakama ya rufaa ya Afrika Kusini, katika kesi ya mirathi ya Seedat, ilikataa ndoa ya Kiislamu iliyofungwa kihalali nchini India kwa sababu ile ile: watu wastaarabu wanaichukia ndoa ya mitala. Mwaka huo huo wa 1917, huku kwetu, Jaji Mkuu Hamilton wa Himaya ya Afrika Mashariki alitamka katika kesi ya Amkeyo kwamba ndoa ya kimila ya Kiafrika haistahili jina la ndoa, bali ni ununuzi wa mwanamke. Sheria ya Kiroma-Kiholanzi iliyotumika katika kesi ya Seedat ndiyo iliyopelekwa Namibia Afrika Kusini ilipokabidhiwa nchi hiyo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo mlango wa maadili unaouegemea, mzee, una historia ndefu ya kuwatupa nje watu wanaofanana na babu zako zaidi ya wanavyofanana na Digashu.

Mzee hakubali kirahisi. "Hao walikuwa mume na mke. Ubishi ulikuwa wake wangapi. Hawa wako hawana hata hicho cha kubishaniwa." Ni pingamizi la haki, nami sidai kwamba mbele ya dini mambo haya mawili yana mizani moja. Lakini usiseme kwamba majaji wa wakati ule waliona tofauti ya idadi tu. Mahakama ya Uingereza, katika kesi ya Hyde ya mwaka 1866, ilieleza ndoa kama inavyoeleweka katika nchi za Kikristo: mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, maisha yote. Kwa mizani hiyo ndoa iliyoweza kuwa ya mitala haikuwa ndoa yenye kasoro. Haikuwa ndoa kabisa. Hamilton naye hakusema kwamba ndoa ya kimila ni duni, alisema ni biashara. Hoja ya kwamba "kwa maana yake tu hii si ndoa" ndiyo iliyotumika wakati wote, tena na watu waliokuwa na uhakika kama ulio nao wewe sasa. Hata leo Uingereza, kwa sheria yake ya uhamiaji ya 1988, inamzuia mke wa pili kuingia kwa jina la mumewe, na sijasikia mzee yeyote wa pwani akiisifu kwa kulinda maadili yake.

Na hapo kwenye kesi ya Esop kuna jambo ambalo nataka lishikwe. Mwanamke aliyezuiwa alikuwa mgeni kweli. Lakini Esop alikuwa mkaazi halali wa Cape, na amri iliyomrudisha mkewe ilimhukumu yeye: aishi bila mke au aondoke. Ukisema "si akae huko huko," unamtaja raia wa Namibia, si Mjerumani. Huyu hajakataa kwao, mzee. Anaomba kurudi kwao.

Wakili wa serikali amekuwa akiandika pembeni, sasa anainua kichwa. "Mwandishi anatupeleka kwenye historia kwa sababu sheria haimsaidii. Hakuna mgeni mwenye haki ya kuingia nchi ya watu. Hiyo ndiyo mamlaka ya dola, na hakuna mahakama ya kimataifa inayoikana. Bunge lilipoandika juu ya mwenzi wa raia mwaka 1993, halikuwa na wanaume wawili akilini. Na Mahakama hiyo hiyo ya Juu ilikwisha sema mwaka 2001, katika kesi ya Frank, kwamba uhusiano wa watu wa jinsia moja haulindwi na Katiba kama ndoa inavyolindwa. Mahakama Kuu ilijiona imefungwa na kesi hiyo, ikawakatalia Digashu na Seiler-Lilles Januari 2022. Jaji Mainga, aliyepinga wenzake 2023, hakuwa peke yake katika historia."

Kwanza la Frank, kwa kuwa ndilo jepesi. Erna Frank, Mjerumani, alikuwa akiishi Windhoek na mwanamke wa Kinamibia, lakini hawakuwa na ndoa ya nchi yoyote. Mahakama ya 2001 ilikuwa na swali la uhusiano usio na cheti, na iliyoyasema zaidi ya swali hilo hayawafungi majaji wa baadaye. Ndivyo walivyoamua majaji wanne, na kwangu ni usomaji wa kawaida wa kesi, wala si ujanja.

Zito ni lile la mamlaka ya dola, na hapa nampa wakili kila anachokitaka. Mgeni hana haki ya kuingia. Sawa. Tumwache basi mgeni nje ya hesabu kabisa, tumuulize raia ana haki gani. Swali hili Afrika iliwahi kuulizwa na kulijibu mara kadhaa kabla ya mtu yeyote kufikiria ndoa za jinsia moja, na walioliuliza walikuwa wanawake walioolewa na wageni. Mwaka 1977 Morisi ilibadili sheria zake za uhamiaji: mke mgeni wa Mmorisi aliendelea kukaa bila wasiwasi, lakini mume mgeni wa Mmorisi alitakiwa kuomba kibali, na angeweza kufukuzwa. Wanawake 20 walipeleka malalamiko kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na Aprili 1981 kamati ikasema wale walioolewa na wageni wamebaguliwa katika haki zao za familia. Morisi ilirekebisha sheria mwaka 1983. Botswana, Unity Dow, wakili aliyeolewa na Mmarekani, alikuta watoto wake waliozaliwa humo humo wakihesabiwa wageni kwa kuwa baba yao ni mgeni. Serikali ilijitetea kwa mila: jamii ya Watswana hufuata ukoo wa baba, na sheria imefuata jamii. Mahakama ya Rufaa ikaukataa utetezi huo mwaka 1992. Mila inaweza kuongoza watu, ilikuwa maana ya uamuzi, lakini haiwezi kuwa juu ya Katiba.

Kesi ninayoiona kuwa ufunguo, hata hivyo, ni ya Zimbabwe. Mwaka 1994, katika kesi ya Rattigan, wanawake watatu raia walilalamika kwamba waume zao wa kigeni wananyimwa ukaazi. Katiba ya Zimbabwe ya wakati ule haikutaja jinsia miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyokatazwa, kwa hiyo hoja ya usawa haikuwa na pa kushika. Mahakama ya Jaji Mkuu Gubbay ikapita njia nyingine. Raia ana haki ya kuishi popote katika nchi yake. Ukimfukuza mumewe, umemlazimisha kumfuata au kuvunja nyumba yake, na haki yake ya kuishi nchini imebaki karatasi. Mume hakuhitaji kuwa na haki yoyote. Ya mke ilitosha. Soma tena hoja hiyo taratibu, ukitafuta mahali inapotegemea kwamba mmoja wao ni mwanamume na mwingine mwanamke. Hapapo. Inategemea uraia wa mmoja na uthabiti wa maisha yao ya pamoja, basi. Aliyeikubali mwaka 1994 kwa ajili ya mwanamke wa Harare aliyeolewa na mgeni hana pa kusimama kuikataa kwa ajili ya Mnamibia mwaka 2023, isipokuwa aseme waziwazi kwamba raia huyu wa pili ni raia nusu.

Raia nusu, ndiyo. Kusema kweli, jambo hilo si geni kwetu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyemuoa Mtanzania haikumpa njia hiyo. Hapo hakuna suala la jinsia moja, ni wanandoa kama anavyowataka mzee. Bado uzito wa kile cheti unategemea ni raia gani anayekishika, wa kiume au wa kike. Ndiyo maana siamini ninapoambiwa kwamba ugomvi huu unahusu utakatifu wa ndoa. Sheria za uhamiaji zimekuwa na desturi ya kupanga raia kwa madaraja, na kila kizazi hupata kundi lake la kuwekwa daraja la chini.

Wakili anadai kwamba Bunge la 1993 halikufikiria wanaume wawili. Huenda. Marekani ilisimamia hoja hiyo kwa zaidi ya miaka 30, na gharama yake inajulikana. Mwaka 1975 karani wa kaunti ya Boulder, Colorado, aliwapa cheti cha ndoa Richard Adams, raia wa Marekani mzaliwa wa Ufilipino, na Tony Sullivan, raia wa Australia. Idara ya uhamiaji ilimkatalia Sullivan kwa barua yenye tusi ambalo halikuwahi kustahili karatasi ya serikali. Mwaka 1982 mahakama ya rufaa ikasema kwamba hata kama ndoa ni halali Colorado, Bunge la Marekani lilipotaja mwenzi halikumaanisha hawa. Mwaka 1996 Bunge likaliandika hilo kwa wino katika sheria iliyotafsiri ndoa kwa shughuli zote za serikali kuu. Adams na Sullivan waliondoka Marekani kwa muda katika miaka ya 1980, wakarudi, wakaishi kimya Los Angeles, mmoja raia na mwingine bila karatasi. Adams alifariki Desemba 2012. Juni 26, 2013 Mahakama ya Juu ikaifuta tafsiri ile katika kesi ya Windsor, na katika Julai bodi ya rufaa za uhamiaji ikathibitisha kwamba ndoa halali pale ilipofungwa inatosha. Sullivan alipata kadi yake ya ukaazi mwaka 2016, akiwa mjane. Nani alinyimwa haki katika miaka ile yote? Sullivan, bila shaka. Lakini Sullivan angeweza kurudi Australia. Adams hakuwa na nchi nyingine ya kurudi. Marekani ndiyo iliyokuwa yake, na ndiyo iliyomtaka achague.

"Ndoa za makaratasi je?" anauliza wakili, kwa sauti ya mtu aliyebakiza risasi moja. Hilo halihitaji aya ndefu. Ndoa za udanganyifu zipo, na nyingi sana ni za mwanamume na mwanamke. Ofisa wa uhamiaji ana maswali yake ya siku zote: mnaishi wapi, nani analipa kodi ya nyumba, mama mkwe anaitwa nani. Maswali hayo hayana jinsia.

Sasa dada mwanaharakati, aliyekuwa akitikisa kichwa tangu mwanzo, anapata nafasi. "Kaka, unajisifu kwa ushindi wa wenye nauli. Kanuni yako ya mahali ndoa ilipofungwa inamfaa aliyeweza kwenda Cape Town au Berlin. Mwanamke wa Katutura, kitongoji cha Windhoek, anayeishi na mwanamke kutoka Angola atapata wapi cheti? Na Mganda aliyekimbia sheria ya 2023 ya nchi yake, inayofikia hadi hukumu ya kifo, utamuuliza cheti cha ndoa? Umechukua haki ya watu ukaifanya mali ya wachache wenye nyaraka, halafu ukaipamba kwa uraia ili wazee wasikasirike."

Hili ndilo pingamizi linalonigusa kuliko yale mawili, kwa sababu nusu yake ni kweli. Hukumu ya Windhoek inamlinda mwenye cheti. Lakini ipo hukumu nyingine ya Kiafrika iliyokwenda mbali zaidi, tena mapema. Desemba 2, 1999, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Ackermann, ilitazama kifungu cha sheria ya wageni kilichowapa nafuu wenzi wa ndoa peke yao. Wakati huo hakuna watu wa jinsia moja walioweza kufunga ndoa Afrika Kusini. Jambo hilo lilikuja mwaka 2006. Mahakama haikusema, basi, hawana cheti, waende zao. Ilisema kwamba kumdai mtu cheti ambacho sheria yenyewe inamkataza kukipata ni ubaguzi juu ya ubaguzi, ikaongeza ndani ya kifungu maneno yanayomtaja mwenzi wa kudumu wa jinsia moja. Kisha ikaorodhesha mambo ya kupimia udumu huo: wamekaa pamoja muda gani, waligawana vipi matumizi ya nyumba, walifanya sherehe yoyote ya kuahidiana, ndugu na marafiki wanawachukuliaje. Kwa mwanamke wa Katutura hiyo ndiyo njia, na hoja ya Rattigan inaibeba vizuri kuliko kanuni ya cheti, kwa kuwa raia anayelazimishwa kuchagua kati ya nchi na mwenzi wake analazimishwa vile vile, awe na cheti au asiwe nacho.

Ila kwa Mganda, dada, nakubali kwamba hoja yangu inaishia njiani. Nimeijenga juu ya haki ya raia, na yeye katika nchi anayoomba hifadhi si raia wala hana raia wa kumshika mkono. Sheria inayomhusu ni ya wakimbizi, ambayo huuliza kama mtu ana hofu ya kweli ya kuteswa, haimuulizi ameoana na nani. Ni hoja tofauti na inahitaji kubishaniwa kwa nguvu zake yenyewe. Ninachokataa ni kwamba udogo wa hoja ni unafiki. Namibia hadi mwaka 2023 ilikuwa bado na kosa la kurithi la kujamiiana kwa wanaume. Mahakama Kuu ililifuta Juni 21, 2024. Kutambuliwa kwa mwenzi kwenye uhamiaji kulitangulia kufutwa kwa jinai. Katika nchi nyingi mpango huo umekuwa kinyume chake, na kama njia nyembamba ndiyo iliyofunguka kwanza, sioni sababu ya kungoja ile pana.

Mzee ana neno la mwisho ambalo lazima lijibiwe, kwani ni la kisiasa zaidi kuliko la kidini. "Majaji watano hawawezi kuwa juu ya wananchi. Bunge limesema." Limesema kweli. Jerry Ekandjo, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wakati hukumu ya Frank inatoka, safari hii alisimama kama mbunge wa kawaida na miswada yake binafsi, ikapita. Rais Geingob hakuwa ameitia saini alipofariki Februari 2024. Mwishoni mwa mwaka huo mrithi wake, Nangolo Mbumba, alitia saini Sheria ya Ndoa Na. 14 ya 2024, iliyochukua nafasi ya sheria ya enzi ya Afrika Kusini ya mwaka 1961 na kuweka umri wa ndoa kuwa miaka 18, jambo jema ambalo halikuzungumzwa sana. Sheria hiyo hiyo inasema ndoa ni ya watu wa jinsia tofauti, na kwamba zile za jinsia moja zilizofungwa nje hazitambuliwi.

Kabla ya mzee kushangilia, akumbuke yaliyofuata baada ya Rattigan. Serikali ya Zimbabwe haikuipenda hukumu, ikabadili Katiba mwaka 1996 kwa marekebisho ya 14. Lakini haikuweza kuwanyang'anya wanawake peke yao bila kuonekana inawabagua, kwa hiyo ikaondoa haki ya ukaazi kwa ndoa kwa wote, wanaume wakiwamo. Wanaume waliokuwa wamelala usingizi kesi ikiendelea waliamka wakiwa na wake wasio na kibali. Uingereza ilifanya hivyo hivyo mwaka 1985: Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipoiambia kwamba haiwezi kuwabana waume wageni kwa kisingizio cha kulinda ajira huku ikiwaachia wake, ikawabana na wake pia.

Namibia haiwezi kuifuata Zimbabwe hadi mwisho wa njia. Ibara ya 131 ya Katiba yake inakataza marekebisho yoyote yanayopunguza haki zilizomo katika Sura ya 3, na utu na usawa vimo humo. Ndiyo sababu Bunge lilipita njia ya sheria ya kawaida, likitegemea ibara ya 81, inayosema kwamba uamuzi wa Mahakama ya Juu unamfunga kila mtu hadi mahakama yenyewe iugeuze, au upingwe na sheria ya Bunge iliyotungwa kihalali. Wakili wa serikali atasema sheria ya 2024 ni halali kwa kuwa ilipita mabunge mawili na kutiwa saini na Rais. Wakili wa mwanamke wa Katutura atajibu kwamba sheria inayovunja ibara ya 10 haiwezi kuwa halali hata ingepigiwa kura na mbunge wa mwisho, na kwamba mwaka 2023 majaji walikwisha sema ubaguzi huu unavunja ibara hiyo. Kesi hiyo ikifika, majaji watatakiwa kuamua kama Bunge linaweza, kwa sheria ya kawaida, kumpunguzia raia haki ambayo Katiba inakataza kupunguzwa hata kwa marekebisho ya Katiba yenyewe.